Vidole Kumi

Kituo cha polisi, Moshi mjini, saa tatu asubuhi.
Nimekuja kuomba cheti cha tabia njema
nipate kufua mashuka ya hospitali.
Siku hizi hata sabuni inataka cheti.
Kijana ananishika kidole kimoja kimoja,
anakibingirisha kwenye wino, anakigandamiza kwenye karatasi.
"Legeza mkono, mama."
Mkono huu, mwanangu, haukuwahi kukakamaa
mbele ya kichwa cha mtoto kinachochungulia dunia.

Kabla hujauliza: niliiba.
Sitasema shetani alinipitia,
shetani hakuwa zamu usiku ule.
Maboksi manne ya sindano za kuzuia damu,
sahihi yangu chini ya neno "zimetumika",
na ada ya Ndekirwa ikalipwa kabla ya muhula.
Sijui ni mzazi gani alizihitaji wiki ile.
Sijawahi kuuliza.

Miaka mitatu, akasema hakimu, bila kupandisha sauti.
Karanga nikakaa miwili, nikipalilia mchicha,
theluthi wakanisamehe kwa mwenendo mwema.
Nikadhani msamaha una miguu,
utanitangulia nyumbani, utanibishia hodi.
Baraza likaniandikia mistari mitatu:
leseni imefutwa,
jina limeondolewa kwenye orodha ya wakunga,
tafadhali rudisha beji.
Beji yenyewe wajukuu walishaichezea hadi pini ikakatika.

Akina mama wa kikoba walitaka niwe mweka hazina,
maana hesabu naijua.
Mama Kileo akakohoa,
akaomba tuende ajenda inayofuata.

Kisha mvua za Aprili, Pasua matope hadi magotini,
gari la wagonjwa limekwama Bomambuzi,
na Aikande, binti wa jirani, anaguna ng'ambo ya ukuta.
Naujua mguno ule. Nusu saa, pengine pungufu.
Nilisimama mlangoni, mikono nyuma,
kama mfungwa anayesubiri kuhesabiwa.
Wakiniuliza, leseni namba ngapi?
Mama yake akanitazama tu. Hakuniomba.
Nikasema, leteni sabuni, leteni maji, mshikeni mgongo.

Mtoto wa kike, kilo tatu kwa mzani wa kiganja,
kitovu kimemzunguka shingo mara moja,
nikakivua kama mtu anavyovuliwa mkufu.
Damu ya mama yake ilikawia kukoma.
Nilimkanda tumbo, nikimkanda, nikihesabu,
na kila nilipofika nne nilianza upya.
Ilikoma. Sijui kwa nini ilikoma.

Asubuhi zahanati wakauliza, nani kamzalisha?
"Mungu tu," akajibu bibi yake,
na Mungu akaandikwa kwa kalamu ya bluu.

Oktoba mtaa mzima ulitembea na kidole kimoja cheusi,
wakioneshana kama watoto walioiba asali.
Nilikwenda na mimi. Majina yamebandikwa ukuta wa shule.
Nikajitafuta kwenye herufi yangu,
nikajitafuta kwenye herufi za wengine,
hata miongoni mwa wanaume.
"Daftari lilihuishwa wakati wewe... hukuwepo,"
akasema karani, akitafuta neno lisilo na nondo.
Nikarudi nyumbani na mkono msafi.

Leo kumi vyote ni vyeusi.
Kijana ananipa kitambaa chenye mafuta ya taa.
"Majibu wiki mbili, mama."
Mimi na yeye tunayajua majibu,
ila ada imeshalipwa, na ana adabu.

Wino hautoki upesi, unajificha kwenye mikunjo.
Njia ya kwenda Mbuyuni nikakutana na Aikande,
mtoto mgongoni, kofia ya sufi, meno mawili.
Akakidaka kidole changu cha kati
akakitia mdomoni kabla sijakivuta.
"Mchafu huo," nikamwambia.

Hakuachia.