Bolti ya Tano

Pikipiki ililetwa Makorora juu ya mkokoteni,
Jumanne, kabla sijavua shati la kutokea nyumbani.
Mwanjaa aliusukuma kwa nyuma, mtoto mgongoni,
akasema: Fundi, nataka iwake.
Hakuongeza.

Naijua. Nani hapa haijui?
Miaka saba ilibeba chumvi kutoka Mwambani,
viroba viwili nyuma, kimoja juu ya tanki,
na Singano katikati, amekunja magoti kama panzi.
Chumvi haingoji bahari ndipo ile chuma.
Inataka tundu dogo kwenye kiroba
na barabara yenye mashimo.

Nikachuchumaa.
Si ile kutu ya juujuu, ya kufuta kwa msasa na mate.
Hii imevimba tabaka kwa tabaka kama chapati,
imeingia kwenye hesi, ikafunga mlango,
ikameza ufunguo.
Bolti tano, na zote zimenuna.

Mhina, kijana wangu, akaleta bomba la kurefushia spana.
Nikamwambia rudisha.
Kutu haishindwi kwa kifua.
Ukiikamia, bolti inakukatikia:
kichwa mkononi mwako, mwili ndani ya injini,
na hapo ndipo utakapoijua bei ya drili.

Tukaanza na brashi ya waya, mpaka unga ukaacha kudondoka.
Kisha dizeli iliyochanganywa na oili,
tone, tone,
tukaziacha zilale.
Jumatano nyundo ndogo, ubavuni, bila hasira,
kama unavyobisha hodi kwa mtu unayemdai
na bado unamheshimu.
Tone tena. Zilale tena.
Alhamisi tulishavua tanki, tukafuta mafuta yote,
tukaipa kila moja dakika ya moto.
Robo mzunguko kulegeza, nusu ya robo kurudisha,
kulegeza, kurudisha,
hadi moja ikalia: kiiii.
Mhina akacheka peke yake.

Tatu zilitoka hivyo.
Ya nne ilikatika, nisiseme uongo.

Ya tano iko chini, nyuma ya stendi,
pale matope na maji ya chumvi yanapokutana,
pale nilipojiandalia vita.
Nikaweka spana. Ikazunguka.
Nikaiweka spana chini, nikazungusha kwa vidole.
Hesi zinang'aa kama za dukani, zina utelezi,
na harufu yake si ya grisi.
Nikanusa mara ya pili.
Harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ijumaa, baada ya sala, Mwanjaa alikuja.
Nikamwonyesha: hii ilifungwa na nani?
Akamhamishia mtoto bega la kushoto.
Mimi, akasema.
Alikuwa hawezi tena kuinuka. Nikamtandikia mkeka mlangoni,
akawa ananielekeza kwa kidole:
fungua ile, sugua, kausha,
paka grisi kabla hujairudisha.
Kopo la grisi lilikuwa tupu.
Nikapaka mafuta ya mgando ya huyu mtoto.
Tulikusudia zote tano.
Jioni ile tuliwahi moja.

Nikajifanya natafuta kitambaa.

Tatu nimezisugua mpaka zikakumbuka rangi yao.
Ya nne nimenunua mpya, Barabara ya Kumi na Mbili,
mwenye duka kanipunguzia mia mbili.
Kila hesi nimeijaza grisi ikafurika.
Nimemwambia: chumvi usiibebe bila turubai,
jioni iogeshe kwa maji ya bomba, isilale imelowa,
halafu kitambaa chenye oili, hata kama umechoka,
hasa kama umechoka.

Ya tano sikuifuta.
Niliirudisha na mafuta yake,
nikaikaza hadi pale pale
alipokuwa ameikazia yeye.