Na Makosa Yake Yote

Mwalimu Mghoi aliingia dukani Kibokoni
na mvua mabegani, akaweka karatasi juu ya kioo.
"Nataka mbingu," alisema, "ya kuzungusha kwa mkono.
Lakini si hii moja ya vitabuni.
Nataka na zile za zamani, kwa mfuatano,
na makosa yake yote."

Mjomba Shee Famau akaivua lenzi jichoni.
Miaka arubaini anatengeneza saa,
hajawahi kuombwa kosa kwa malipo.

Ya kwanza ilikuwa rahisi.
Dunia katikati, kitufe cha shaba
cha samadari ya marehemu nyanya,
na mwezi, jua, Zuhura, Zohali,
kila kimoja na pete yake,
zimepakatana kama sufuria za harusi.
Akazungusha. Zikazunguka kwa adabu.
"Kosa liko wapi?" niliuliza.
"Ngoja Mirihi."

Maana Mirihi haina adabu.
Huenda mashariki miezi na miezi,
kisha husita, hurudi nyuma
kama mtu aliyesahau ufunguo,
kisha hushika tena njia yake.
Basi ya pili: gurudumu dogo
juu ya ukingo wa gurudumu kubwa,
na jingine, na jingine.
Saa tisa za ukutani zilitoa meno yao.

Ya tatu, ya watu wa Maragha:
duara likibingirika ndani ya duara
lililolizidi mara mbili,
na alama moja ukingoni
(nilitazama mara kumi)
ikaenda na kurudi kwa mstari
ulionyooka kama uzi wa timazi.
Usiku ule mjomba hakula.
Alizungusha tu.

Alhamisi tulivuka Likoni kutafuta shaba chakavu.
Feri yetu ikaipita nyingine iliyosheheni malori,
na ile nyingine, naapa, ikarudi nyuma
mbele ya kreni za Kilindini.
Nikamshika mkono.
"Mjomba, haijarudi. Ni sisi tunaoipita."
Hakujibu. Alikuwa akihesabu kreni.
Tulipofika ng'ambo hakushuka.
Tukarudi na feri ile ile, bila shaba.

Akaking'oa kitufe cha nyanya pale katikati,
akakipeleka pembeni, foleni ya tatu,
na penye pengo akafunga balbu.
Ilikuwa nzuri. Na bado ilidanganya kidogo:
siku ya Mirihi kufika, Mirihi haikufika.
Akapachika vigurudumu tena, akavitoa, akatukana.

Hatimaye akachukua koleo,
akaibana pete ya Mirihi, kidogo,
kidogo tena, hadi ikawa duaradufu,
na balbu ikakaa upande.
"Maisha yangu yote nanyoosha zilizopinda," alisema.
"Leo napinda nzima."

Risiti niliiandika mimi.
Ya mwisho, elfu mbili na mia tano.
Ya pili, elfu kumi na moja.
Mwalimu akainua nyusi.
"Kosa lina kazi," mjomba akamwambia.
"Wale hawakuwa wajinga. Hesabu meno."
Akayahesabu, kidole juu ya kila gurudumu.
Akalipa bila kupunguziwa.

"Na hii ya tano," mjomba akaongeza,
"nati yake ya juu sikuikaza.
Watakuja wengine na bisibisi zao."

Kisha akachungulia barazani.
"Jua lachwa. Funga mlango."
Nikamtazama mwalimu.
Naye akachungulia nje,
akakunja mwavuli wake, akasema,
"Kweli. Lachwa."