Daftari la Asajile

Dizeli, Iringa mpaka Uyole: laki mbili na kitu.
Pancha Makambako, elfu kumi,
na soda ya fundi, aliyeidai kama haki yake.
Faini, Igawa. Kiasi sikiandiki, naona aibu.

Tulilala ndani ya Kanta tuliyoiezeka turubai.
Tupokigwe akaiita ikulu,
nayo ikavuja hadi alfajiri.

Mlima Rungwe tuliufuata siku nne;
ukungu ukatuonyesha magoti tu.

Ila Igurusi, wakati wa kurudi, breki zilipogoma,
tukachemsha viazi kando ya lami,
cha kwanza kikamponyoka, kikabingiria mtaroni,
akacheka mpaka kilemba kikafunguka.
Tangu tumzike Gwamaka
sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Mstari huo nimeuacha wazi.

Mafuta ya breki: elfu kumi na mbili.