Dirisha Linalotazama Ukuta

Katuba, mwezi wa saba, alfajiri.
Gundi imeganda chunguni kama uji uliosahauliwa,
randa inauma kiganja,
na pumzi yangu inanitangulia kuingia karakanani.

Kutoka nyumbani hadi hapa ni hatua kumi na tisa.
Baba aliijenga mbali, kwa tofali za udongo wa kichuguu,
ili nyundo yake isimwamshe mtoto.
Mtoto ni mimi. Nilikuwa naamka tu.

Siku hizo tuliota mbabula.
Mlango umefungwa, makala yanapepesa macho,
na yeye ndani, na vumbi la mninga, na moshi,
anachonga miguu ya viti vya harusi za watu.
Alikohoa vipupwe vitatu.
Cha nne hakukifikia.

Mbabula niliipindua.
Masizi yake niliyakwangua kwa kisu,
nikayakoroga na rangi iliyobaki kwenye debe,
nikapaka bati mpaka likawa jeusi
lisilorudisha hata uso wangu.

Kisha nikaenda kwa Nshimba, muuza magari yaliyokufa,
nikamwomba vioo viwili vya basi.
“Kyola, unajenga basi?”
“Dirisha.”
“La kutazama nini?”
“Ukuta.”
Alicheka hadi akasahau kupandisha bei.

Ukuta wenyewe ni wa kaskazini,
maana jua la majira haya hupita upande ule,
limeinama, kama mdaiwa anayekwepa duka.
Sanduku la mbao za kreti, nyasi kavu mgongoni,
bati katikati, kioo kifuani.
Tundu moja usawa wa kifundo cha mguu,
jingine juu ya kichwa.
Hakuna waya. Hakuna umeme wa kuombewa.
Baridi inaingia chini, inapigwa jua,
inapanda yenyewe kama mtu aliyeitwa jina.

Siku ya kwanza, saa tatu, niliweka mkono kwenye tundu la juu:
pumzi ya ng'ombe!
Mama Ngalula alileta kinu chake cha unga wa mkate,
akakiegemeza pale, kikaumuka kabla ya adhuhuri.

Lakini usiku joto lilirudi lilikotoka.
Asubuhi ndani palikuwa baridi kuliko uani.
Niliwasha dawa ya mbu nione:
moshi ukanyonywa na tundu la juu,
ukatokea chini, umepoa, karibu na vidole vyangu.
Ngazi aliyopandia mgeni ndiyo aliyoshukia mwizi.
“Jua halikopeshi,” akasema kaka yangu Odilo,
akarudi kitandani.

Nilitaka kitu chepesi, cha kufunguka kwa pumzi
na kujifunga kwa pumzi.
Karatasi ilijikunja. Mfuko wa plastiki ulinywea.
Sandukuni, chini ya vitenge vya mama,
kulikuwa na bahasha ya hospitali.

Niliishika ile picha juani, nusu saa, labda zaidi.
Mbavu nyeupe. Ukungu upande wa kushoto
ambao daktari aliuzungushia duara kwa kalamu nyekundu.
Ilikuwa pana kuliko tundu.
Sikuikata.
Nilipanua tundu.

Nikaitundika kwa misumari miwili midogo, juu tu,
nyuma yake wavu wa chujio.
Jioni ukuta ulipoanza kuvuta,
ikalala juu ya wavu, ikaziba, ikatulia.
Na leo, jua lilipovuka paa la kanisa,
ilitetemeka kwanza,
kisha mbavu zikainuka,
zikashuka kidogo,
zikainuka.

Gundi imelainika. Kiti cha Mama Ngalula
kina mguu mmoja mfupi, lakini kimeshika.
Wateja wananyosha shingo, wanauliza ile picha ni ya nani.
Nawaambia: ni kifuniko.