Maandishi ya Ubavuni

Mbusa alipolinunua halikuwa na redio,
ila ubavuni lilikuwa na herufi kama miiba ya sambaza sahanini
na chini yake bakuli jekundu lenye mistari mitatu ya mvuke.
Birere nzima ilibishana.
Ni maharagwe, alisema fundi wa matairi.
"Ni mulima yetu hii," akakata Mama Katungu, "ona, inatosha moshi."
Miaka sita likabeba vitunguu, maiti wawili, kwaya ya Keshero,
na hakuna aliyejua linasema nini.

Nsimire ndiye aliyelisoma.
Alikuwa amerudi toka huko, alikosomea mawe.
Alisimama katikati ya barabara na mkate wake kwapani
akicheka peke yake, hadi mwenye chukudu akampigia mluzi.
Nyumba ya wageni, alisema. Kando ya bahari.
Maji ya moto hutoka ardhini yenyewe, hayadai makala.
Hili lilikuwa likiwapokea wageni stesheni.
Unavua viatu mlangoni. Unapewa joho jepesi la pamba.
Unajiosha kwanza, ndipo unaingia majini kuketi,
husemi kitu, unaangalia bahari.

Unalipa ili ukae majini? aliuliza Mbusa.

Unalipa sana.

Kisha ukaja ule usiku mbingu iliyogeuka ulimi wa mgonjwa,
na asubuhi moja tukaambiwa tuhame, wote, leo, upande wa Sake.
Tulipakia watu kumi na tisa na cherehani yangu.
Petroli iliishia karibu na ziwa.
Tukalisukuma hadi kwenye nyasi, na hapo tukakaa siku nane.

Usiku wa kwanza ardhi ilitikisika
kama mtu anayetafuta upande wa kulalia.
Wa pili, Koko Vumilia alivua kandambili zake,
akazipanga sambamba, vidole vikitazama ziwa.
"Niko mugeni," akasema. "Chumba yangu iko wapi?"
Nikampa siti ya nyuma, dirishani.
Tangu hapo hakuna aliyeingia na viatu.

Nsimire akakusanya mawe matatu meusi,
moto wa mlima wa zamani uliokwisha poa,
akayafanya mafiga.
Bidoni ya ziwa. Sufuria ya kuazima.
Vitenge vinne kwenye kamba, toka kioo cha dereva hadi mkaratusi.
Watoto kwanza, kisha wenye vidonda, kisha wazee.
Vikombe saba kila mtu, na Koko ndiye aliyehesabu, kwa sauti.
Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa vuguvugu, rangi ya chai.
Nikachuchumaa, nikajimwagia cha kwanza kisogoni,
na mabega yakashuka yenyewe,
kama mzigo uliotuliwa na mtu mwingine.
Juu ya kitenge niliona ziwa.
Sikusema kitu.
Nilikuwa nimefuata masharti yote.

Siku ya tano Mbusa akagundua namba ya simu chini ya bakuli.
Tulibakiwa na yuniti kidogo. Akapiga.
Utasema nini wakipokea?
Nitauliza kama kuna nafasi.
Sauti ya mtandao ikasema, kwa Kifaransa, namba hiyo haipo.
Koko akataka kujua wamejibu nini.
"Wamejaa," Mbusa akasema.

Tulirudi. Kwa Mama Katungu hapakuwa na kwa Mama Katungu,
palikuwa na jiwe la joto, na mbuzi wa mtu wamelilalia.
Yangu ilisimama. Nikashona mapazia ya watu wengine.

Juzi amekuja mpaka rangi na kopo lake la kijani,
akauliza aanze kufutia wapi.
Mbusa alilizunguka gari mara mbili,
kisha akamwonyesha kwa kidole mahali pa kukomea.

Nami huwaza stesheni moja yenye baridi,
mgeni na sanduku lake, akiangalia saa.
Kama yuko, mtu amwambie asichoke bure:
gari lilikuja huku.
Viatu vyetu bado viko nje.