Kila Saba ni Nane

Spoketi ya mbele ilikuwa na meno kumi na manne.
Niliivua siku ya mvua, kwenye gereji ya kukodi, Todmorden,
nikatia ya meno kumi na sita,
maana kule juu nyikani, upepo ukipiga ubavuni,
injini ilikuwa ikilia kama birika lililosahauliwa jikoni.
Ikatulia. Nikajisifu.
Nikakaza mnyororo, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga,
nikashika njia ya Halifax, zamu ya usiku,
kusukuma vitanda vya wagonjwa hadi alfajiri.

Wiki ya tisa ikaja barua.
Thelathini na sita penye thelathini.
Na picha: mgongo wangu, namba yangu,
taa ya nyuma nyekundu kama jicho la aliyelia.
Haiwezekani, nilisema. Mshale niliuona mwenyewe,
thelathini na moja na ushei,
pua tu ndiyo iliyovuka mstari.

Ormerod wa gereji ya pili hakubishana.
Alihesabu kwa vidole vyenye grisi:
"Saa hiyo inahesabu mizunguko ya shafti.
Barabara haiijui.
Umerefusha hatua, yenyewe inahesabu hatua."
Kumi na nne kwa kumi na sita.
Kila saba ni nane.

Jumapili nikatafuta mawe mawili ya maili,
nikashikilia mshale thelathini na tano, pumzi nimebana,
nikasoma saa ya mkononi: sekunde tisini.
Tisini ni arobaini.
Masikini kipimamwendo! Kilikuwa kikinisomea kwa uaminifu
ukweli wa meno yaliyolala kwenye kopo la misumari.

Nikacheka peke yangu barabarani, kondoo wakinitazama.
Hesabu hii ninayo tangu nilipofika nchi hii.
Mwanahawa, dada yangu, Korogwe,
akisema nipigie saa mbili usiku,
naongeza sita nipate saa ya wenyeji,
naondoa tatu za baridi,
au mbili, kukiwa kiangazi,
na bado nimemwamsha mara mbili,
mara moja akidhani ni msiba.
Kisanduku cha kurekebisha hilo
hakuna duka linalouza.

Cha pikipiki kipo. Ukubwa wa kiberiti, nyaya tatu.
Nyekundu kwenye umeme, nyeusi kwenye chuma,
na ule mweupe unaobeba habari
nikaukata katikati, moyo ukinidunda
kama ninayekata kitovu.
Nikabonyeza kitufe: kumi na nne, nukta, tatu.
Nikarudi kwenye mawe yangu. Mshale arobaini. Sekunde tisini.
Tukapatana.

Lakini usiku, kikombe mkononi, nikakumbuka
kwamba kisanduku hakirudi nyuma.
Tangu spoketi mpya hadi leo
saa imeandika maili elfu mbili na mia moja,
na mimi nimekwenda elfu mbili na mia nne.
Njia ya mwongo fupi, walisema,
nami sikujua wanasema maili.

Mia tatu, basi, hazimo popote.
Zimo zile za Januari, barafu ikimeta kwenye matope,
imo ile asubuhi niliyompeleka mzee Pickersgill chumba cha chini,
shuka hadi usoni, halafu nikaendesha hadi nyumbani
bila kukumbuka hata kona moja.

Nikachukua chaki.
Ukutani, juu ya kopo la misumari, nikaandika: 300.
Nikaifuta sifuri ya mwisho kwa kidole, haikukaa sawa,
nikaiandika tena.