Mkia

Afisa wa forodha pale KIA aligonga boksi kwa kalamu.
"Humu mna nini?"
Protini, nikasema.
"Ya nyama au ya maharage?"
Ya mtu.
Akaiweka kalamu chini.
"Mtu gani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.
Barafu kavu ilikuwa inafuka moshi juu ya meza yake.
Akaandika *kemikali, kidogo*, akapiga muhuri.

Kidogo kweli. Mikrogramu hamsini.
Ukiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha
utaapa wamekuuzia hewa
kwa bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake.
Kundaeli, mwanafunzi wangu, alitaka kukirudisha:
"Dada Aikande, hiki kimekuja kitupu."
Nikamshika mkono. Kizungushe kwanza.
Kilichoganda ukutani kitashuka.

Haikutoka mwilini mwa mtu.
Maandishi yake tu ndiyo ya mtu:
waliyanakili, wakayapachika ndani ya bakteria,
bakteria wakapewa joto, wakalishwa,
wakachacha usiku kucha
wakinakili barua ya mtu wasiyemjua.
Mama yangu kule Kidia angeelewa upesi.
Ni mbege tu hiyo, angesema,
ulezi haumuulizi mnywaji jina.

Na mwishoni, mkia.
Histidini, histidini, histidini,
kisha nyingine tatu.
Binadamu hana mkia huo. Huu ni wa kushonewa,
ili katika uji ule wote wa bakteria waliopasuliwa
nikeli iishike hii, nyingine zipite na maji.
Ni isale mpakani mwa kihamba:
haliliwi, halizai,
ila ndilo linalosema hapa ni kwa nani.

Lebo yake naijua kwa moyo.
PROTINI YA BINADAMU.
Chini, kwa herufi za sisimizi:
KWA UTAFITI TU. SI KWA MATUMIZI YA BINADAMU.

Mama alipiga simu Jumanne, ametoka kusafishwa damu.
"Kile kitu chako kimefika?"
Kimefika.
"Ndicho kile ambacho figo zangu zimeacha kutengeneza?"
Ndicho, mama.
Nikasikia kuku. Nikasikia mtu anafungua geti.
"Na sindano zake hapo hospitali zimeisha wiki ya tatu sasa."
Najua.
"Basi si unipe kidogo."

Ningemwambia nini?
Kwamba bakteria hawajui kuipaka sukari
ile ambayo figo la mtu huipaka bila kufundishwa,
na bila sukari hiyo damu itaifagia kabla ya chai ya saa nne?
Kwamba haikuchujwa kwa ajili ya mshipa wa mtu,
kwamba ina jina lake lote na haina kazi yake?
Nikasema: mama, hii ni rula.
"Rula?"
Ya kupimia iliyopungua kwa watu.
Akacheka, kile kicheko chake cha puani.
"Kwa hiyo mmenunua kipimo cha njaa."

Usiku ule umeme ulikatika Moshi nzima,
jenereta likakohoa mara mbili ndipo likashika.
Nilikaa na friji mpaka namba nyekundu ikarudi hasi themanini.

Asubuhi niligawa: vichupa kumi, mikrogramu tano tano,
kila kimoja na tarehe,
mkono wangu ukienda polepole
kama mkono wa anayegawa nyama ya msiba.
Kisha sampuli, damu za watu mia mbili wa Hai na Rombo na Old Moshi,
namba tu, hakuna majina.
Vishimo vya rula vikageuka njano, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia.
Sampuli ya mia na kumi na saba
haikugeuka rangi.

Siruhusiwi kujua ni ya nani.
Nikaandika: *chini ya kiwango kinachopimika.*
Nikaosha mikono,
nikaenda stoo kuuliza tena kuhusu sindano.